Mtumbwi Sitaufunga

Mwanangu Jilo,

Salamu za nyumba hii utazipata kwa mama yako. Zake ni nyingi, na zangu zimo humo humo ndani. Mimi nakuandikia. Najua utashangaa, maana baba yako si mtu wa kuandika, na kusema pia si sana.

Saa hii wewe umevuka ng'ambo kuwaaga shangazi zako. Mimi nimekaa chini ya dungu, pale unapokaa kufukuza ndege, nimeweka kibao chako cha zamani juu ya magoti. Karatasi hizi nilipewa Kipini siku nyingi zilizopita. Zimekuwa rangi ya chai, lakini zinaandikika.

Mambo ya kila siku sitayarudia. Mama yako ameshakwambia usiteke maji mahali palipotulia, ujifunike mbu, usiokote ndizi za watu hata zikianguka zenyewe. Umemsikia. Hata ng'ambo wamemsikia. Mimi nina jambo moja tu, na nitalizunguka sana kabla sijalifikia, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Kesho tunakwenda kwa mapadri. Padre amesema, "Jilo aje, tutaona." Wewe umefurahi, umeshawaambia wenzako Garsen nzima kwamba wewe sasa ni mwalimu msaidizi. Lakini mwanangu, "tutaona" si jibu. Mimi niliishi ndani ya "tutaona" ile mpaka wewe ukaota meno, yakang'oka, ukaota mengine.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimekuzidi kidogo tu. Unajua mwenyewe watu wakituona pamoja wanauliza kama tumezaliwa tumbo moja. Juzi yule muuza chumvi alikuuliza, "Kaka yako anataka vibaba vingapi?" ukacheka mpaka ukakaa chini. Basi nilikuwa hivyo, kijana ana mke na mtoto mchanga, na kusoma anajua nusu.

Nusu yenyewe niliipata hivi. Shule ilikuwa banda la majani ya mikoma, na kitabu kilikuwa kimoja. Padre huyu huyu alikiweka juu ya sanduku, sisi tukalizunguka. Wenye nguvu walikaa upande wake. Mimi kwa aibu nilikaa upande wa pili, pale pasipotakwa na mtu, nikajifunza herufi zote kichwa chini. Mpaka leo nikipewa kitabu nakigeuza kwanza. Umenicheka sana kwa jambo hili. Sasa unajua sababu.

Padre akaona ninasoma, akasema, "Wewe utafundisha wadogo." Sikuuliza kitu. Nikaanza. Watoto walitoka kulima shamba la misheni alfajiri, wakaja kwangu na matope mpaka magotini, nusu wamelala. Ba, be, bi, bo, bu. Mimi mwenyewe niliwatangulia ukurasa mmoja. Usiku nikisoma wa pili, asubuhi nawafundisha huo huo. Lakini nilifundisha, Jilo. Wako watu wazima leo hapa mtoni wanaosoma kwa sababu yangu, na hawakigeuzi kitabu.

Sasa sikiliza nilipokosea.

Sisi hapa, mtu akija kukusaidia kulima ukingo wako wa mto, hamsemi malipo. Ni aibu kusema. Yeye analima, wewe unamwona. Mto ukishuka, mpunga ukiiva, unamtengea kikapu chake pembeni ya shamba. Jioni unakibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake, unakiweka chini, mnazungumza habari za viboko na mbu, kikapu hakitajwi kabisa. Ukiacha kumpelekea, hakuulizi. Mwaka wa pili haji tu, basi. Kijiji kizima kinaelewa, na wewe unaona haya mpaka unamfuata na vikapu viwili.

Mimi nilidhani Padre analijua hilo. Alikuwa amekaa na sisi siku nyingi, anakula ndizi zetu, anasalimia wazee vizuri kunishinda mimi. Basi mpunga ulipoiva nikafagia mlangoni, nikakaa. Mama yako akaniuliza, "Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Basi toka mlangoni, nipite na kuni."

Padre alipita, kweli. Akasalimia, akakushika kichwa wewe, akaenda zake. Noeli akanipa kipande cha nguo ya marekani na picha ya mtakatifu. Nikasema moyoni, labda mavuno ya kwao yana wakati wake. Nikangoja mavuno mengine.

Mavuno ya pili akafanya jambo lililonimaliza. Alinisifu. Kanisani, mbele ya watu wote, akaninyooshea mkono: "Mtazameni kijana huyu. Anafundisha watoto wenu, na hajawahi kuomba kitu. Huo ndio wito." Vichwa vyote vikageuka. Mimi nikaangalia vidole vya miguu. Mama yako akaninong'oneza, "Haya, umekwisha." Na kweli nilikuwa nimekwisha. Baada ya sifa kama ile, nani atainuka aseme, Padre, na kikapu changu?

Mavuno ya tatu nikafanya tunavyofanya sisi. Sikwenda. Nikalala kwenye mkeka mchana kutwa nikasema, sasa ataelewa. Watoto walingoja, wakachoka, wakaigonga kengele wenyewe kwa mchezo. Jua lilipokuwa kali nikasikia miguu. Padre amekuja, amevuka tope lote lile, kanzu imelowa mpaka kiunoni, ana chupa mkononi.

"Pole, mwanangu, pole. Homa?"

Mimi nikageukia ukuta. Mama yako alikuwa anatwanga hapo nje. Padre akamgeukia. "Ameanza lini kuumwa?"

"Zamani, Padre," akasema mama yako, na mchi haukusimama. "Anaumwa mdomo."

"Mdomo! Ni jino?"

"Jino lake ni zima."

Padre akaniambia nifungue. Nikafungua. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akatikisa kichwa, akanimiminia dawa ile chungu ya homa. Nikanywa. Jilo, sikuwa na homa. Nikainywa yote, masikio yakaanza kuvuma kama nyuki, na kesho yake nikarudi kufundisha hali sisikii. Watoto walisema bu palipoandikwa ba, mimi nikawaitikia, "Vizuri sana."

Mama yako akilitaja hili mpaka leo anacheka mpaka machozi. Mimi nimeanza kucheka mwaka huu tu.

Lakini usimdharau Padre. Nakuomba. Wewe ulipokuwa na degedege, yeye ndiye aliyekaa na wewe mapajani mpaka ukapoa. Si mwizi. Kanzu yake ina viraka vingi kuliko kikoi changu, na anakula tunachokula. Nimemfikiria sana mtu yule. Naona wao wameacha kila kitu nyuma kabla ya kuja huku. Hawana mke, hawana mtoto, na kuomba kwao ni aibu kama kwetu. Basi akaniona kimya akadhani na mimi nimeacha. Mimi sikuwa nimeacha kitu. Nilikuwa na wewe unalia njaa nyuma ya pazia.

Sasa ndipo alipokuja Mwalimu Yusufu. Umemsikia jina tu. Alitoka Mombasa, amesoma kwa mapadri wa huko, akaletwa awe mwalimu mkubwa. Siku aliyofika nilitumwa gatini kubeba mizigo yake. Nikaingia majini nikaushika mtumbwi wake kwa mkono ili ashuke. Hakushuka. Alisimama ndani ya mtumbwi, sanduku begani, akamsalimu Padre vizuri sana, kisha akasema, "Padre, kabla sijakanyaga, naomba tusemezane habari ya kazi."

Mpiga kafi akamfokea. "Shuka wewe, mtumbwi unayumba!"

"Acha uyumbe."

"Utatuzamisha!"

"Basi tutazungumza tukiwa tumelowa."

Watu wote gatini wakacheka. Na yeye akasema pale pale: mshahara wake kila mwezi, mkononi mwake. Nyumba yenye mlango. Ruhusa ya kwenda kumwona mama yake. Sauti yake haikuwa kubwa. Mimi moyo ulinidunda kama niliyeshikwa nikiiba. Nikasema, leo Padre atamfukuza huyu, hana adabu. Padre akacheka. Akasema, "Nimekubali, hawa wote wamesikia. Shuka sasa, usimzamishe mwenzako." Mwenzako ni mimi, niliyekuwa nimeushika mtumbwi, maji yamenifika kifuani.

Nilimchukia Mwalimu Yusufu. Nilifundisha naye banda moja, yeye analipwa, mimi nasifiwa. Siku moja akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe wanakupa nini?" Nikamwambia, "Mimi nina wito." Akanitazama, hakucheka. Akasema, "Na mimi ninao. Ndiyo maana sitaki kuuacha kwa njaa." Mimi nikaondoka nikaenda kukata kuni. Neno lile lilikaa nami, lakini mdomo bado ulikuwa umefungwa.

Kisha ikaja habari kwamba boma la Kipini linataka mtu wa kufundisha watoto wa askari na wa makarani. Nikamuaga Padre kama kawaida yangu, yaani sikumuaga. Nilisema nakwenda Kilelengwani kuwaona shemeji zangu. Nikapita Kilelengwani, nikala wali wao, nikaendelea.

Boma nilifurahi, sitakudanganya. Mwisho wa mwezi rupia zinawekwa mezani, unatia alama yako, unachukua. Hakuna anayekuuliza unasali wapi. Hakuna anayekusifu. Nilimnunulia mama yako leso, nikanunua jembe jipya, nikatembea kama mtu. Nilisema, hapa ndipo.

Lakini shule yao ilikuwa ghala la ngozi. Tulisoma na nzi. Nyumba hawakunipa, nikalala barazani kwa mtu, kwa kulipa. Kuni za kununua, maji ya kununua. Hata ndizi, Jilo! Mimi, mtu wa mtoni, nilinunua ndizi! Nilizila nimejificha, nisije nikaonwa na mtu wa kwetu.

Halafu nikashikwa na homa ya kweli. Nililala pale barazani nikatetemeka, nikawa nasikiliza miguu ya watu njiani. Unajua nilikuwa namngoja nani? Padre na chupa yake. Boma hakuja mtu. Nilipopona nikaenda mezani, nikakuta siku zile zimekatwa.

"Hukufundisha," akasema karani.

"Nilikuwa naumwa, bwana."

"Sikatai kwamba uliumwa. Nasema hukufundisha."

Niliona kichwani jibu lote, limepangwa vizuri, ningeweza hata kuliandika. Nikanyamaza, nikatia alama.

Akaja bwana mkubwa mwingine wa boma, yule wa kwanza akaenda kwao. Asubuhi moja nafika kazini, ngozi zimejaa mpaka mlangoni, askari amekaa juu yake anakula muhogo.

"Mwalimu, shule imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Nitajua wapi? Nimeambiwa nikae juu ya ngozi, nimekaa."

Wakanilipa mpaka siku ile, haki yangu sawasawa, na hapana mtu aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nikapanda mto kurudi. Tangu hapo nimelima. Sijuti kulima. Ninachojuta ni kwamba pote pawili niliondoka bila kusema neno, na pote pawili hakuna aliyejua kwamba nimeondoka na hasira. Nilidhani ukimya wangu unasikika. Hausikiki, mwanangu. Hapa nyumbani unasikika, kwa sababu sote tumelelewa ndani yake. Ukishafika kwa watu wengine, wao wanaona kijana ametulia, hana shida.

Na wewe ni mimi. Ukiulizwa unaangalia vidole vya miguu. Wiki iliyopita mjomba wako alikugawia kipande kidogo cha samaki, nikakuona, ulikula taratibu ili kisiishe, ukasema umeshiba. Niliumia kuliko wewe. Nilijiona mimi pale, na nikakata shauri siku ile ile.

Basi hili ndilo jambo lenyewe. Kesho Padre akikuambia karibu, usishuke na mzigo. Shuka mikono mitupu, umsalimu kwa heshima, kisha useme mbele ya watu unachotaka. Maneno yawe yako. Lakini nikikuazima yangu, ambayo yamekaa bure siku zote hizi, ni haya. Unataka kulipwa mkononi mwako, mwezi kwa mwezi, hata kama ni kidogo. Unataka ukingo wa kulima unaofikiwa na maji, si kule juu kwenye mchanga, na mto ukishuka upewe ruhusa ya kuja kupanda na sisi. Na ukiugua siku zako zisikatwe. Hayo ya mwisho Padre hatakukatalia, namjua. Ya kwanza ndiyo magumu. Misheni haina fedha kama boma, atakwambia, na ni kweli. Akikutajia kidogo, kipime mwenyewe, wewe ndiye utakayekila. Akikwambia "tutaona", ujue hajataja kitu.

Na akikutajia wito, usibishane naye. Mwambie, "Wito ninao, Padre, na mama ninaye."

Utaogopa. Uso utakuwa wa moto. Mimi naandika tu na ninaogopa. Ukishindwa kumtazama, sema hivyo hivyo ukiangalia vidole vyako. Sauti haitoki machoni.

Boma wanatafuta tena mtu. Nimeuliza, nafasi iko. Safari hii kuna banda, si ghala, ndivyo wanavyosema, utaliona mwenyewe. Kilelengwani wajomba zako wanajua kwamba huenda tukalala kwao kesho, na huenda tusilale. Ukienda boma, huko pia utasema kabla hujakaa. Homa, nyumba, na wakikufungia shule wakwambie mapema. Sikuchagulii. Mimi ningependa uwe kwa Padre, karibu na sisi, mahali ambapo ukiugua mtu atavuka tope. Lakini sitaki usifiwe na njaa.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mkeka wako na sanduku vitabaki ndani ya mtumbwi. Mtumbwi sitaufunga. Nitaingia majini niushike kwa mkono, kama nilivyoushika wa Mwalimu Yusufu, na nitakaa hapo hata wanicheke gati nzima, hata mazungumzo yawe marefu namna gani. Mama yako anasema mamba watanila. Nimemwambia wakinila nitapiga kelele, naye akasema hapo ndipo atakapoamini kwamba mdomo umepona.

Padre akikubali na watu wakasikia, rudi uchukue mkeka wako mwenyewe. Nitajua. Asipokubali, rudi ukae mahali pako mbele. Sitakuuliza kitu, wala sitakuonea haya. Tutaachia, maji yatatubeba kwenda Kipini.

Haya yote ningetaka kukwambia kwa mdomo. Lakini kwenye mtumbwi wewe utakaa mbele na mimi nyuma, nitaona mgongo wako tu, na najua nitakwambia habari za mvua. Ndiyo maana karatasi hizi nitazikunja ndani ya mkeka, upande wa kichwa. Tukishapita kona ya migomba nitakwambia uzitoe, usome kwa raha. Mimi nitapiga kafi polepole.

Ukimaliza usigeuke kunitazama, mwanangu, tutaoneana aibu bure. Iko kafi ya pili chini ya miguu yako. Ishike, upige. Nitajua umefika mwisho.

Baba yako